Serumu ya Manjano Iliyokatwa kwa Makasi Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi cha mtaa, Majengo, Goma
Alhamisi, tarehe 12 mwezi wa tano 2022, saa mbili asubuhi
Jambo: Malalamiko ya Papa Evariste kuhusu serumu na vitamini zilizoharibiwa nyumbani kwa mgonjwa
Anayeandika: Ofisa Ushindi

Mimi naitwa Kahindo Clarisse, umri wangu miaka thelathini na minane. Nilizaliwa Butembo, nikaolewa Goma. Kazi yangu ni kushona nguo. Ninakaa hapa Majengo, katika nyumba ya mume wangu Moïse, dereva wa lori la mizigo kati ya Kiwanja na Goma. Mtaani wananiita Mama Héritière, kwa jina la binti yangu. Mimi ni Munande, watu wa mume wangu ni Wahunde wa Masisi. Nataja hilo kwa sababu mlalamikaji amelitaja kabla yangu, tena zaidi ya mara moja.

Kabla ya lolote naomba iandikwe kwamba mama mkwe wangu, Léocadie, yuko nje kwenye benchi la kituo hiki. Nimekuja naye kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwachia. Leo saa nne anangojewa hospitalini kwa dawa ya kansa inayopitia mshipani, ile ambayo sisi sote tunaiita kimo. Zamu iliyopita iliahirishwa, na daktari amesema hataki iahirishwe tena. Kwa hiyo nitasema upesi. Ofisa akiniuliza kitu kile kile mara mbili, atanisamehe nikikasirika.

Mama Léocadie alipasuliwa titi mwanzoni mwa mwaka huu, na kimo akaanza mwezi wa tatu. Baada ya zamu ya pili uchovu ulimshika. Si ule uchovu wa mtu aliyetoka shambani, akilala unaisha. Yeye anachoka akiwa amelala. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akipanda vilima vya Masisi na mzigo wa viazi mgongoni, na sasa akitaka kufika mlangoni anashika ukuta. Nilihamishia cherehani na makasi yangu chumbani kwake, kando ya kitanda, ili nimwangalie huku nikifanya kazi. Naomba hilo likumbukwe, litakuja kuwa na maana.

Nilimuuliza daktari wake, Daktari Ange, kama kuna vitamini ya kumsaidia. Alimpima damu kwanza. Akasema uchovu huu unatoka kwenye ugonjwa na kwenye dawa yenyewe, hautokani na upungufu wa vitamini. Akasema apumzike, atembee kidogo uani akijisikia, ale sombe ya majani ya muhogo, maharagwe na samaki hata kama ni kidogo kidogo. Halafu akasema neno ambalo nimelirudia mpaka mdomo umekauka: asimeze kitu chochote kabla yeye hajakiona, kwa sababu vitamini nyingine zikiingia kwa wingi zinaweza kuisumbua kazi ya kimo. Nilielewa vizuri. Shida ni kwamba nilikuwa peke yangu kuelewa.

Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Zamani watu walileta maziwa, ndizi, au kuku. Siku hizi wanaleta vitamini. Mama Ernestine wa shirika letu la kanisani alileta vidonge vikubwa kama maharagwe mabichi, na kwenye chupa kuna picha ya mwanamume mwenye misuli. Mama mkwe ni bibi wa wajukuu, misuli hiyo aipeleke wapi? Jirani Damien, mwenye duka, alileta nyanya ya kopo akaikorogea ndani ya Fanta, eti kitu chekundu kinaongeza damu. Nilimuuliza kama na rangi nyekundu ya kupaka ukuta inaongeza. Hakupenda.

Lakini kuleta si kitu. Kilichonichosha ni kwamba kila aliyeleta alirudi kuona kama zawadi yake imefanya kazi. Anaingia, anasimama mbele ya kitanda, anauliza: "Mama, ngufu imeanza kuya?" Na mama, kwa sababu ana adabu kuliko sisi wote, anajiinua, anafunga kitambaa vizuri kichwani, anatabasamu, anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Wageni wanapiga makofi. Wanatoka wakisema vitamini imeingia. Wakishatoka, mimi ndiye ninayemwinulia miguu na kuirudisha kitandani, mmoja baada ya mwingine, na siku inayofuata hainuki kabisa. Nilipoanza kuwaomba wageni wasije na vitamini, wakasema mimi ni mkwe mchoyo. Mtu anakuwaje mchoyo wa kitu alicholetewa bure?

Sasa nafika kwa Papa Evariste. Yeye ni mdogo wake mama kwa tumbo moja. Alikuwa mfugaji Masisi mpaka vita ikamtoa kwenye ng'ombe wake, na sasa anakaa Katindo kwa mtoto wake. Anampenda dada yake, hilo sitalikataa hata nikiwa na hasira kama leo. Zamani angemletea maziwa ya kila siku. Sasa hana ng'ombe, basi akamleta Cédrick.

Cédrick anajiita mwuguzi. Anazunguka nyumba za watu na mfuko wenye sindano, anawatundikia serumu, yale maji ya vitamini yanayoingia mshipani, ya manjano. Ofisa anaijua. Katika mji huu mtu akichoka haonekani ametibiwa mpaka awe amelala chini ya ule mfuko wa manjano. Hata bwana harusi nimemwona akitiwa serumu siku ya kuamkia harusi, mzima kabisa, eti apate nguvu ya kucheza.

Mnamo tarehe 26 mwezi wa nne Cédrick alimtia mama serumu ya kwanza, mimi nikiwa sokoni kununua nyuzi. Nilipofika, kazi ilikuwa imekwisha. Kesho yake mkono ulivimba na homa ikapanda. Tarehe 28 tulifika hospitalini na homa hiyo, na Daktari Ange akakataa kumpa kimo. Alitutibu mkono, akaturudisha. Papa Evariste alipoambiwa, akasema homa imeletwa na hospitali. Nilimpigia mume wangu simu huko Kiwanja. Akaniambia: "Uvumilie, ni mujomba wangu." Iandikwe kwamba nimevumilia.

Jumanne iliyopita, tarehe 10, karibu saa nane mchana, Papa Evariste alirudi na Cédrick, na serumu nyingine, na mfuko wa vidonge. Nilisimama mlangoni nikasema: "Papa, daktari alikataza. Alhamisi mama ana kimo. Tumwache."

Akajibu kwa sauti ya kufika mpaka kwa Damien: "Ile dawa yenu inamumaliza, na mutu akileta ngufu unafunga mulango. Unatafuta nini na dada yangu? Mutoto wa Butembo atanifundisha namna ya kuchunga damu yangu?"

Majirani walitoka. Nikawapisha mlangoni. Walimuuliza mama kama anakubali serumu. Mama alisema: "Kama ni weye umeleta, sawa." Cédrick akatafuta mahali pa kutundika, akaona msumari wenye picha ya harusi yangu. Akaishusha picha, akaiweka chini imegeukia ukuta, akatundika serumu yake.

Baadaye niliwapakulia ugali wa foufou na samaki wadogo wa sambaza. Mgeni ni mgeni hata akiwa ametoka kukutukana. Walikula uani, wote wawili, mlango wa chumba ukiwa mbele yao lakini pazia limeshushwa. Mteja wangu mmoja alinijia kuchukua vitenge vya harusi, nikawa naye barabarani tunabishana juu ya mikono ya blauzi. Huyo mteja anaitwa Nyirarukundo, anaweza kuulizwa.

Niliporudi, Papa Evariste alikuwa amesimama chumbani, na mkono wake umeshika kichwa. Mrija wa serumu ulikuwa umekatwa. Maji ya manjano yalikuwa yanatiririka chini ya kitanda. Sindano imetoka, na kwenye shuka kuna damu kidogo. Vidonge vyote alivyoleta vilikuwa ndani ya ndoo ya kutapikia, vimeanza kuyeyuka. Na juu ya blanketi kuna makasi.

Papa Evariste aliuliza: "Hii makasi ni ya nani?"

Nikajibu: "Ni yangu."

Akasema: "Basi." Akatoka moja kwa moja kuja kwenu, na Cédrick nyuma yake. Mama alikuwa amefumba macho muda wote huo kama mtu aliyelala. Hakuna aliyefikiria kumuuliza. Mtu ambaye hawezi kuinua kikombe kwa mkono mmoja, nani angemuuliza habari za makasi?

Ofisa ameniuliza kama ni mimi niliyekata. Si mimi. Ameniuliza kama namjua aliyekata. Namjua. Ameniuliza mbona nilinyamaza siku mbili nikitukanwa mtaa mzima, hata mbele ya binti yangu.

Ni hivi. Walipotoka, mama alifumbua macho. Nilikuwa ninafuta sakafu, na hasira yangu yote iko kwenye kitambaa. Akaniita karibu, akasema: "Useme ni weye. Weye ni mukwe, watakukasirikia kidogo na itaisha. Evariste akijua ni miye, ataona haya, hatarudia tena kuniona. Siko na ndugu mwingine." Nilimwambia sawa. Siku ile niliona ni kitu kidogo, wakwe wamezoea kulaumiwa. Jana mkaniletea wito wa polisi. Kulaumiwa jikoni naweza. Kutia saini uongo mbele ya serikali siwezi, nina mtoto wa kulea.

Asubuhi ya leo nilimweleza hivyo nikiwa ninamvalisha sweta. Aliingiza mkono wa pili mwenyewe. Kisha akasema: "Basi nipeleke na miye." Mwanzoni nimesema nimekuja naye kwa kukosa wa kumwachia. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Kitu cha mwisho, halafu Ofisa anipe kalamu. Nimechoka na mimi. Mimi sina ugonjwa, lakini nimechoka kuwa askari wa mlangoni kwangu mwenyewe. Nimechoka kueleza watu wazima kwamba upendo wao unamrudisha mgonjwa wetu nyuma. Nimechoka kuonekana namuua mama huyu, mimi ninayejua usiku anageukia upande gani. Kama mnataka kunifunga, nifungeni mchana, nikitoka hospitalini. Saa nne awe kwenye kitanda cha kimo. Hilo tu ndilo ninalolitaka katika kituo hiki.

Niliyosema ni yale niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa, nimeyakubali, na sikuongezewa neno.

Sahihi: Kahindo Clarisse

MAANDISHI YA OFISA

Baada ya maelezo haya nilimwita mgonjwa aingie. Hakuweza kusimama, nilimpa kiti changu. Mlalamikaji, Papa Evariste, alikuwepo. Mgonjwa alisema, na ninaandika kama alivyosema:

"Evariste, ni miye njo nilikata. Mukwe wangu hakukuwa hata mu nyumba. Na vidonge ni miye nilimwanga mu ndoo."

Mlalamikaji aliuliza: "Na ile siku ulitembea mpaka ku mulango? Ulikuwa unacheka."

Mgonjwa alijibu: "Nilikuwa natembea sababu yako, urudie kwako na furaha. Ukitoka tu, naanguka. Ile kutembea njo ilikuwa inanimaliza."

Mlalamikaji akauliza: "Sasa nikuletee nini? Siko tena na ngombe."

Mgonjwa alijibu: "Usilete kitu. Kuya, ukae. Usiniulize kama ngufu imekuya."

Malalamiko yameondolewa kwa mdomo. Mlalamikaji hajatia saini, kwa sababu alikuwa amekwisha kutoka kutafuta teksi. Cédrick ameandikiwa wito wake mwenyewe.

Kwa kuwa mgonjwa hakuweza kutembea mpaka barabarani, alibebwa akiwa amekaa kwenye kiti changu. Mlalamikaji, aliyerudi na teksi, alishika upande mmoja na shahidi upande mwingine. Waliondoka saa tatu na nusu. Nimemaliza kuandika haya nikiwa nimesimama.

Ofisa Ushindi