Baba Alipokosea Ukurasa

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha matofali,
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo? Na kile kikohozi, kimekuacha au bado mnalala nacho kitanda kimoja? Wifi yangu anaendeleaje? Na yule mwanangu mwenye meno mawili, sasa ameyafikisha mangapi? Sisi huku hatujambo, ila goti la Mama la kushoto limeingia kiburi, ngazi halitaki hata kuzisikia.

Barua yako ilifika. Nilimsomea Mama mara mbili, kisha akaichukua akaiweka chini ya mto. Pole sana kwa kazi za gereji. Anasema unawe mikono vizuri kabla ya kulala, usimchafulie mkwe wake mashuka.

Mimi nipo, na cherehani yangu. Mwezi mzima nimeshona mavazi ya kikundi chetu cha maigizo. Usicheke! Dada yako sasa ni msanii, japo wa nyuma ya pazia. Hata hilo pazia nimelishona mwenyewe kwa mashuka kumi na mawili, na ukikaa benchi la mbele unayaona maua ya shuka la Mama.

Mkuu wetu ni mkunga wa zahanati. Ndiye anayetunga, ndiye anayeongoza, na anatuongoza kama tuko leba: sukuma, pumua, sukuma tena! Jumamosi jioni tulionyesha michezo minne mifupi, kila mmoja nusu saa, kwenye lile ghala la zamani la mbao. Watu walijaa, wengine wakakaa madirishani.

Sasa shusha hicho kikombe nikuambie. Baba naye yumo kikundini. Naam, Baba yule yule. Tangu astaafu ualimu alikuwa hana kazi ila kukosoa mabango ya maduka, mpaka mkunga akamwonea huruma akamfanya mkumbushaji. Anakaa kwenye kistuli nyuma ya pazia, kitabu cha mchezo magotini, na mwigizaji akisahau maneno, yeye anamnong'oneza. Kazi imemkaa hasa. Miaka miwili hajakosea mstari.

Tena tuna kanuni: mkumbushaji akisema, unasema. Huulizi, hupimi. Ilibidi iwekwe, maana mwaka juzi mama mwenye duka alibishana na Baba akiwa jukwaani, na watazamaji wakadhani ndio mchezo wenyewe.

Mchezo wa tatu ndio niliouogopa tangu siku ya kwanza niliyousoma. Ni baba anayemfukuza mwanawe kwa sababu ameacha chuo. Mdogo wangu, naapa sikumwambia mkunga habari zetu. Ameutunga tu, nadhani nyumba nyingi zina kisa kama chetu. Kila siku ya mazoezi nilikuwa namwibia Baba jicho: anafuata mistari kwa kidole, uso mkavu kama ubao. Wewe unajua alivyo. Miaka tisa hajataja jina lako. Barua yako ikifika, anainuka kwenda kumwagilia mboga, hata kama mvua inanyesha. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilimwambia Mama kwamba nyinyi wawili mtazikana bila kusemezana, naye akalia, nikajuta kusema.

Basi, aliyeigiza huyo baba ni kinyozi wetu. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake; huyu anakata za wenzake na zake hajui alikoziweka. Lakini mstari mmoja hakuwahi kuusahau: "Toka! Na usikanyage hapa tena." Aliupenda mno, anaupigia kelele mpaka vumbi linadondoka darini. Jumamosi akiwa ameshainua mkono auseme, si akamwona benchi la mbele mteja aliyemnyoa vibaya asubuhi ile! Maneno yote yakamruka. Fundi umeme, ambaye ndiye mtoto, ameshabeba begi, anangoja kufukuzwa.

Kinyozi macho kwenye pazia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Baba na koti la mchezo wa nne mkononi, na niliona kwa macho yangu: kidole chake kilikuwa juu ya mstari ule ule. Hakusema. Nikamgusa bega, nikidhani amesinzia. Akavua miwani, akakifunga kitabu, akanong'ona, "Kaa, mwanangu. Mama yako ameshapakua."

Kinyozi, kanuni ni kanuni, akayasema vile vile. Tena kwa upole, maana aliyapokea kwa upole.

Lo! Fundi umeme akasimama na begi lake kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Kisha akaliweka chini, akakaa. Mama mwenye duka, ambaye ndiye mke wa kinyozi mchezoni, akanijia mbio nyuma ya pazia: kupakua nini, na mchezo wenyewe hauna chakula? Nikampa mkate wetu wa waigizaji na birika la chai. Basi wakala kweli, watatu wale, wanapitishiana sukari. Mchezo wa nusu saa ukaisha kwa dakika kumi. Watu hawakupiga makofi mara moja. Nilisikia mtu anapenga kamasi huko nyuma. Walipoanza kupiga, benchi moja likavunjika.

Mkunga alikuja amefura. "Mwalimu, mtoto wangu umemtoa kabla ya miezi yake!" Baba akajibu kwamba amekosea ukurasa, macho yamechoka. Baba, aliyetuchapa kwa kukunja pembe za daftari! Mkunga akamwambia haya, Jumamosi ijayo tunarudia, naomba usome kilichoandikwa. Baba akamkabidhi kitabu. Akasema kwa mchezo ule watafute mkumbushaji mwingine, mstari ule yeye hausomi. Tukarudi nyumbani pamoja.

Jana nikavichukua vitabu vyote vinne, nikavisoma mstari kwa mstari, nikitafuta huo ukurasa. Haupo. Nikamsimulia Mama, naye akaacha kuchambua mchele. Akaniambia, "Siku ile nilikuwa nimeshapakua." Nami nikakumbuka, nikashikwa na kilio pale pale jikoni. Sahani yako ilibaki mezani usiku kucha, na hakuna aliyethubutu kuigusa, hata yeye aliyekufukuza.

Sasa nisikilize, maana mimi ni mkubwa wako. Una haki ya kuwa na kinyongo. Ulikuwa na miaka ishirini, alikutoa kama mwizi, na kosa lako lilikuwa kupenda spana kuliko chaki. Sikulaumu, na sitakulaumu ukisema hapana. Lakini usingoje barua yake, haitakuja. Ana miaka sabini na tatu na hajawahi kumwomba mtu radhi. Alichoweza ndicho hicho, kwa mdomo wa kinyozi, mbele ya ghala zima. Mimi naona ametoa chote alichonacho.

Mama anakusalimu, anamsalimu na wifi, na anataka kumbeba mjukuu wake kabla goti halijakataa kabisa. Kinyozi anasema ukija atakunyoa bure. Nakuomba kwa heri na amani, ukatae. Mungu awape afya wote watatu, na akulainishie moyo kama alivyoulainisha mwingine niliodhani ni jiwe.

Baba hajatuma salamu. Ila asubuhi hii, nikiwa naandika, alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akaniuliza basi la kutoka huko kwenu huingia saa ngapi.

Ndimi dada yako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Dada Sindano