Spika Zilizovaa Vitambaa

Ijumaa, baada ya Isha

Nilidhani muuzaji amenipunja. Redio kubwa ya kwanza maishani mwangu, na kaswida ikatoka kama inaimbwa chini ya blanketi! Roho iliniuma, maana nilimwahidi mke wangu Zainabu kwamba sebule itajaa sauti.

Yeye alikuwa ameshazivisha spika vitambaa vyake vizito vya kufuma, kuzikinga na vumbi letu hili la Dodoma. Akacheka. "Baba Salma, na mimi nikijifunga mtandio mdomoni utanisikia?" Akavivua mwenyewe.

Ya Rabi, nikasikia mpaka waimbaji wakivuta pumzi. Tukakaa tukisikiliza, kama tumerudi Kondoa, usiku wa maulidi ya harusi yetu...

Sasa amelala. Vitambaa amevikunja kabatini. Vumbi nitalifuta mimi.