Jina Lenye Sikuita Juu ya Maji

Mama wangu mupenzi wa Kilibula,

Jambo sana, Mama. Mugongo unaendelea namna gani? Na maji ya mvua, ingali inaingia mu jikoni? Minye mwili iko, namushukuru Mungu, ila usingizi unanikimbia. Usikasirike kwamba nimeandika papie badala ya kupiga simu. Kwa simu ningeanza kuongea habari za baridi, kisha ningekata, unanijua. Barua hii nampatia dada mumoja wa kanisa letu la huku Norveje. Anashuka Bujumbura wiki hii, atavuka nayo mupaka kwako.

Furaha, bibi ya mudogo wangu Kashindi, alinitumia odio, sauti yake mu simu. Anasema muntu fulani ameona Kashindi kule Rumonge akiuza samaki, na weye uko unafunga muzigo kwenda kumutafuta. Mara ya tatu sasa, Mama. Tena baba mudogo alitaka muzike mugomba mu nafasi yake, vile tunawafanyia wenye ziwa halikuwarudisha, na weye ukamufukuza mu parseli, mu kiwanja chako. Umesema muntu muzima hazikwi. Ni juu ya hilo naandika. Lakini kwanza sikiliza mambo ya huku, maana ndiyo yalinifungua kinywa.

Kazi yangu unaijua nusu. Ni bato ya kutembeza wageni na kuwaonyesha nyangumi. Huyo ni nyama wa baharini, mugongo wake unashinda nyumba yetu kwa urefu, na anavuta hewa kama sisi. Wazungu wanalipa, wanapiga foto, wanarudi bila hata kipande cha kukaanga. Ukiwaambia watu wa kwetu, watasema Bahati ameanza ulevi. Minye nawavalisha wageni nguo nzito na jile ya kuelea, nawagawia supu, nahesabu vichwa. Nyangumi akizama, wananiuliza atatokea wapi. Nawaambia mungoje. Na kweli anarudi, kila mara. Unasikia kwanza pumzi nyuma yako, nzito, pumzi ya muntu mwenye alikuwa karibu kufa maji. Nageuka, Mama. Miaka minne nageuka, na kila mara ni nyangumi tu.

Wiki iliyopita tulitoka asubuhi, jua linawaka. Meteo, watu wa kutabiri hewa, ilisema ni salama. Lakini hewa ya huku haina adabu. Hatujamaliza hata supu, theluji ikatufunika na upepo wake, mukono wako mwenyewe huuoni. Kapiteni wetu ni mama wa umri wako. Akapunguza moteri, akanipa listi, akasema, "Ita majina, mumoja mumoja." Nikashika ile listi, na ulimi ukakataa.

Unaijua sheria ya marehemu baba. Upepo ukiamuka, hakuna kuita muntu juu ya maji, ziwa linasikia, linamuchukua mwenye kuitwa. Unagonga ubao wa mutumbwi, mwenzako anafuata. Tulikula sheria hiyo pamoja na ugali.

Kapiteni akaninyanganya papie, akaita mwenyewe. Muzee mumoja hakuitika. Akamuita tena na tena, mupaka sauti ikakwaruza. Kisha tukamuona muzee anatambaa kutoka nyuma ya bato, ameshika vyuma, uso umejaa theluji. Alikuwa ameenda kutapika, akapotea hatua kumi kutoka kwetu. Akasema, "Nimefuata sauti."

Tulipofika na kufunga kamba, kapiteni akaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nikamueleza sheria ya baba. Hakunicheka. Akasema, "Sisi tunaita mupaka koo liwake. Mwenye iko mu maji hana kitu kingine cha kushika." Nilienda kujifungia mu choo, nikalia.

Mama, hakukuwa bido.

Niliwaambia kwamba Kashindi alishika bido tupu, lile dumu la mafuta, mawimbi yakamupeleka upande wa Burundi. Nilidanganya. Tulikuwa tunatoka Mboko na nyavu, upepo wa kusini ukatupindua mchana kweupe, kisha mvua ikaziba yote. Minye nilipata mutumbwi, nikaushika. Kashindi yeye alivunja sheria, akaniita minye mukubwa wake. "Yaya, uko wapi?" Alikuwa karibu kabisa. Nikagonga ubao kwa ngumi, nikagonga, na mvua ikafunika. Jina lake lilikuwa mu kinywa, nikalimeza, juu niliogopa ziwa litamuchukua. Akaita mara ya pili. Mara ya tatu ilitoka mbali, alikuwa anaogelea kwenda kwingine. Niliona kichwa chake mara moja, kikazama. Nilingoja mupaka mvua ikaisha, ziwa likalala.

Nilipofika inchi kavu, uliniuliza mbele ya watu, "Mudogo wako iko wapi?" Ile bido ikatoka mu kinywa changu. Nilifikiri itakutuliza siku moja tu, kisha nitasema. Nilikosa kusema kesho yake, na kesho kutwa, kisha nikapata njia ya kuja huku, nikakimbia.

Usivuke kwenda Rumonge. Huyo muuza samaki ni mutoto wa mama mwingine. Mwambie baba mudogo akate mugomba, muuzike pembeni ya baba, muombe, mumalize kilio. Na vijana wetu wenye wanaenda mu ziwa, waambieni waitane. Hasira yako naipokea. Ukisema nisikanyage tena mu parseli yako, sitabisha.

Nisalimie baba mudogo, mwambie alisema kweli. Salimia jirani mwenye anakuchotea maji, na wamama wa chumba cha maombi kule Rugenge.

Furaha, shemeji yangu, macho ya Mama hayasomi tena, kwa hiyo najua ni weye unasoma haya kwa sauti. Nimekuacha unangoja bwana yako miaka minne, na nilijua. Sikuombi kitu. Ila barua ikiisha, usitoke inje mara moja. Kaa na Mama mupaka alie.

Ni minye,
Bahati