Mama, Wametuletea Viti

Shikamoo Mama. Nisamehe. Nilisema nitakuandikia tukimaliza matanga, na sasa mgomba ulio kichwani pa kaburi lako umeshakatwa mkungu wa pili. Si uvivu. Ni mtoto. Nimempa jina lako, na ukaidi amejichukulia mwenyewe.

Kiwanda kimeuzwa. Meza za kuchambulia kahawa ni zile zile. Mimi nasimama kwenye nafasi yako, Mama Mkubwa dada yako kulia kwangu. Miguu yake inavimba siku hizi. Macho nayo yamechoka, punje mbovu anaijua kwa kidole. Ila akikuambia hii imeoza, imeoza.

Mwezi uliopita meneja mpya alileta viti sita vya kuegemea, vyenye mito, akavipanga dirishani penye mwanga. Vya wazee, akasema. Eti vijana wote wanakimbilia Dar, wajuzi wa kahawa ndio nyie, tunataka mkae nasi miaka mingi. Alisema vizuri, Mama. Ndiyo maana nikaogopa.

Hata yule wa zamani alisema vizuri. Aliingia na daftari, akauliza kwa upole, "Nani anaumwa mgongo?" Ukanyoosha mkono. Ulidhani wanaleta dawa. Dada yako naye mgongo ulimuuma, ila mikono yake ilikuwa imeshika ungo. Ijumaa jina lako likawa la kwanza kwenye karatasi ya waliopunguzwa. Ulirudi nyumbani ukasema tu, "Mkono wangu mwenyewe." Ukalirudia hilo hadi hospitalini.

Basi viti vikakaa siku nne bila mtu. Ghafla kila mmoja akawa kijana. Mama Eliya, mwenye vitukuu, akaapa ana miaka arobaini na tano. Wakamwambia, basi mwanao ndiye aliyekuzaa. Tukacheka, lakini hakuna aliyekaa. Mama Mkubwa akaniuliza, "Kiti kinachokufuata chenyewe kinataka nini?" Jioni hiyo viatu vilikataa kumtoka miguuni.

Siku ya tano nikaenda nikakaa mimi. Msimamizi akaja mbio: "We binti, hivyo ni vya wazee!" Nikamjibu, "Basi niamkie." Meza nzima ikaangua kicheko. Wenzangu wawili wanaonyonyesha wakaja wakakaa nao. Tukichanganyika hivyo, nani atajua amwandike nani? Ndipo nikainuka, nikamkalisha dada yako. Alikaa ukingoni kama mgeni anayengoja kufukuzwa. Sasa anaegemea kabisa. Uvimbe umepungua, na gunia lake linaisha kabla ya langu.

Hakuna aliyeitwa ofisini. Labda meneja ni mtu mwema. Labda. Maana jana wametangaza Jumatatu anakuja mtu wa kupima macho, miwani watatoa bure. Bure, Mama! Dada yako anataka kwenda. Anasema akiiona kahawa vizuri tena, hiyo kazi ataiacha siku ya kuzikwa. Ananingoja mimi niseme.

Nakuahidi hivi: akienda, ninatangulia mbele yake kwenye foleni, na kama kuna jina la kuandikwa, waanze na langu. Mkono wake hautanyooka peke yake.

Pumzika, Mama. Mgomba wako nauwekea samadi. Ila kabla ya Jumatatu nitumie ndoto moja. Sihitaji maneno. Ukija umekaa, tutakwenda kupima. Ukija umesimama, tutabaki mezani na macho yetu haya haya. Nitumie na usingizi wa kuiotea, saa moja tu inatosha, maana mjukuu wako anaota meno.