Kifaranga Aliyengojwa Apendeze

Jumapili

Eti somo la kupokeana. Wifi Suzana, dada wa mume wangu, amewasimulia watoto kanisani ile hadithi ya zamani ya kifaranga aliyechekwa na bata wenzake kwa sura yake, hadi alipokua akawa ndege mzuri. Ndipo wakampenda. Akatabasamu kama ameokoa dunia.

Neema, mwenye kovu la moto shavuni, akauliza chini ya khanga anayojifunika uso, "Mwalimu, na mimi nitapendeza lini?"

"Mungu akijalia, mwanangu."

Mtu mzima, na hilo ndilo jibu.

Masanja wangu alikuwa mlangoni akinisubiri. Akaja, akachuchumaa mbele ya Neema. Nampenda huyu mwanaume, jamani.

"Dada kasahau mwisho. Kifaranga hakubadilika. Mama aliwaita wanawe wale sinia moja, naye akaenda na sura yake ileile."

"Wakamfukuza?"

"Walisogea, akakaa katikati."

Sasa wifi kanuna, anasema nimemharibia kaka yake. Naogopa, maana ukweni mimi bado ni mgeni. Lakini Neema amerudi kwao khanga ikiwa mabegani.