Zebaki Chini ya Pete

Mansura, 12 Februari 1965

Binti yangu Ratiba,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na baba na mama, pamoja na yule bibi yako aliyemaliza nusu ya sinia ya halua siku ya uchumba kisha akanilalamikia kwamba haikuwa tamu. Mwambie namsalimu sana. Mimi sijambo, ila magoti yangu ndiyo yanayoamua siku hizi nipande ngazi au nisipande, na mara nyingi yanakataa.

Nyumba imepoa tangu Wagdi arudi Aswan. Nilimfungia mkate, jibini, na mayai ya kuchemsha ya kutosha kulisha behewa zima, naye akanung'unika kwamba huko kwenye bwawa mafundi mitambo nao hulishwa. Amesema likizo yake ni Julai. Harusi itakuwa Julai basi, Mungu akipenda, joto litake lisitake.

Sasa nisikilize. Ile pete niliyokuvika ni yangu mwenyewe. Wagdi nilimkataza asikwambie, maana ungekataa kuipokea. Alinivika marehemu mume wangu Bayumi, na sikuona ni nani mwingine wa kumpa. Nina ombi moja tu: usiivue. Usiivue ukioga, usiivue ukikanda unga. Ikae mkono wako wa kulia mpaka Wagdi aihamishie kushoto siku ya harusi kwa mkono wake mwenyewe. Usiniulize sababu. Ukiivua mimi sitapata usingizi, na wewe ni mtoto mwenye huruma.

Halafu niambie, ni kweli kwamba kazi yako kwa huyo daktari wa meno ni kutwanga fedha? Wagdi amenieleza nikadhani ananitania.

Mama yako wa Mansura,
Inaam


Tanta, 27 Februari 1965

Mama yangu Inaam,

Wa alaikum salaam. Barua yako imefika na nimeisoma mara nyingi mpaka bibi akauliza kama ni hukumu ya mahakama. Sisi sote hatujambo. Bibi anasema salamu amepokea, lakini kuhusu halua hajabadili msimamo. Magoti yako yakandwe kwa mafuta ya zeituni yaliyopashwa moto, kisha uyafunge kitambaa cha sufu. Najua utacheka, ila fanya.

Wagdi hakukutania. Mgonjwa akishakaa kitini na Daktari Nessim akishachimba jino likawa safi, mimi huwa nyuma ya pazia na kinu changu. Ni kinu kidogo cha kioo, mchi wake pia kioo. Naweka unga wa fedha, laini kama unga wa dukani, halafu nadondosha zebaki juu yake. Mama, ungeiona zebaki ungecheka. Inakimbia kama mtoto aliyeitwa kuoga. Natwanga, na kwanza vitu hivi viwili havitaki kujuana, kila kimoja kina njia yake. Kisha ghafla vinalegea, vinakuwa kitu kimoja kinachong'aa kama siagi.

Hapo nakimimina kwenye kipande cha ngozi laini, nakifunga, na kukisokota kwa nguvu ili zebaki iliyozidi itoke kwa matone. Kinachobaki nakiweka kiganjani na kukikanda kwa kidole gumba. Daktari alinifundisha kukiminya karibu na sikio. Kikiwa tayari kinalia, sauti ndogo kama mtu anayetembea juu ya chumvi. Kikilia nampelekea mbio akizibie jino, maana hakisubiri mtu, kinaganda. Wagdi ana kimoja katika gego lake la chini upande wa kushoto. Nilikikanda mimi, kabla sijajua jina lake. Alikaa pale kitini ameshika mikono ya kiti kama anayeendesha trekta, na alipoambiwa kazi imekwisha akauliza kama anaweza kurudi kesho.

Pete siivui. Daktari Nessim alinitaka niivue wakati wa kazi, nikamwambia nimepata amri kutoka kwa mkubwa wake. Bangili nilizopewa siku ya uchumba navua, pete naizungushia plasta. Anatikisa kichwa, lakini ameniacha.

Sikukuu ya Sham en-Nesim nitakuja kwako, baba ameniruhusu. Usisumbuke na chakula. Najua utasumbuka.

Binti yako,
Ratiba


Mansura, 2 Mei 1965

Ratiba,

Assalamu alaikum. Natumai nyote ni wazima. Mimi sijambo.

Sham en-Nesim imepita. Niliandaa samaki wa chumvi, vitunguu vya majani, na mayai niliyoyapaka rangi mwenyewe, nikakaa dirishani kuanzia asubuhi kama msichana. Hukuja. Barua zangu mbili za Machi na ya Aprili hukuzijibu. Nikajiambia labda bibi anaumwa. Nikajiambia labda posta.

Wifi yangu Tafida, dada wa Bayumi, alikuwa Tanta wiki iliyopita kwa ajili ya jino. Alikwenda kwa huyo huyo Daktari Nessim, na najua kabisa hakuwa na jino linalouma, alikwenda kukuangalia. Amerudi na neno ambalo ameshaligawa kwa nusu ya mtaa kabla ya kufika kwangu. Anasema ulificha mkono wa kulia nyuma ya aproni, na ulipoutoa, kidoleni palikuwa na pete ya fedha. Si dhahabu. Ya fedha.

Nikamwambia macho yamemzeeka. Akaniapia kwa mwanawe. Sasa wanawake wanaokuja kukopa chumvi wananiuliza mkwe wangu anaendeleaje, kwa sauti ile unayoijua. Mmoja amenishauri nitafute kama kuna sonara wa Tanta aliyenunua pete nyembamba yenye suke la nafaka lililochorwa.

Mimi sijakufikiria hivyo. Lakini nilikupenda haraka, Ratiba, na mtu akipenda haraka huogopa kuchekwa. Nakuuliza mara moja tu, na nitaamini utakachosema. Pete yangu iko wapi?

Inaam


Tanta, 9 Mei 1965

Mama yangu, na bado nakuita hivyo mpaka uniambie nisikuite,

Assalamu alaikum. Namwomba Mungu barua hii ikukute na afya na moyo uliotulia kuliko wangu. Sisi hatujambo kimwili.

Shangazi Tafida hakusema uongo. Pete yako iko hapa, ni ile ile, sikuiuza wala sikuibadilisha. Imegeuka nyeupe.

Mwanzoni mwa Machi nilikuwa nasokota ngozi, ikapasuka. Zebaki ikanimwagikia mkononi, plasta ilikuwa imelowa ikabanduka, na tone likaingia chini ya pete. Nilisikia ubaridi tu. Nikafuta, nikaendelea na kazi, maana mgonjwa alikuwa mdomo wazi. Kufika jioni upande mmoja wa pete ulikuwa na rangi ya maziwa. Kesho yake ilikuwa nyeupe yote. Zebaki na dhahabu hupendana vibaya, mama, zikigusana zinaingiana. Mimi ndiye ninayelijua hilo kuliko wote, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, na bado nilidhani plasta itatosha.

Niliisugua kwa majivu, kwa limau, kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka. Kisha nikaacha kukuandikia. Kila nikikaa na kalamu, ilinibidi ama nikwambie, ama nikuandikie habari za hali ya hewa huku nimekalia jambo lenyewe. Nilishindwa yote mawili. Nilitaka kuja Sham en-Nesim, nikafika mpaka stesheni. Treni ikaja, nikauangalia mkono wangu, ikaondoka.

Daktari Nessim anasema dawa ni moto. Sonara anayejua akiichoma taratibu, zebaki itatoka kama moshi na dhahabu itabaki. Lakini si pete yangu ya kuitia motoni. Ni yako na ya marehemu. Kwa hiyo nimeivua, mara ya kwanza tangu siku ile, na naituma kwako kwa mkono wa mjomba wangu Lutfi anayekuja Mansura kununua mbegu. Nimeishonea kwenye kitambaa pamoja na barua hii.

Najua kwetu pete ikirudi maana yake ni nini. Mama, simaanishi hivyo. Naituma ili uione kwa macho yako, uamue wewe kuichoma au kuiacha. Ukiona mtu aliyeshindwa kulinda pete hatamlinda mwanao, utamwambia Wagdi, nami sitakulaumu. Lakini nampenda, na wewe nakupenda, na hilo nimeona niliandike waziwazi kwa sababu katika barua zilizopita niliweka maneno mengi ya kuchekesha mahali pake.

Binti yako, kama bado,
Ratiba


Tanta, 20 Juni 1965

Mama Inaam,

Assalamu alaikum. Natumai hujambo, na magoti yanakuruhusu kutoka. Sisi hatujambo. Bibi alikuwa na homa, imepoa.

Mjomba Lutfi ameniapia kwamba kifurushi alikupa mkononi, ukakibonyeza, ukamshukuru, ukafunga mlango. Hata chai hukumkaribisha, na yeye amelishangaa hilo kuliko lolote. Ni mwezi na zaidi sasa. Wagdi ananiandikia kama kawaida kuhusu mitambo na joto, kwa hiyo naona hujamwambia, au umemwambia na yeye anaona haya.

Siandiki kukusukuma. Nilitaka kujua tu kama uliisoma barua iliyoshonewa pamoja na pete, na kama sonara amesema inaweza kupona. Hata kama haitakuwa yangu tena, ningefurahi kusikia imerudi kuwa dhahabu.

Ratiba


Mansura, 24 Juni 1965

Binti yangu, binti yangu Ratiba,

Assalamu alaikum wewe, na baba, na mama, na bibi, nimwone mzima huyo mpaka tuje tubishane kuhusu halua ya harusi. Mimi ni mzima na ni mjinga, na leo nitakueleza kwa nini.

Mjomba wako aliponipa kifurushi, nilikibonyeza nikasikia duara la pete ndani. Basi. Hakukuwa na haja ya kufungua. Kwetu msichana akirudisha pete hahitaji maelezo. Nikakitia kabatini chini ya mashuka, na barua yako ndani yake, nikawa nazunguka nyumbani kama mtu aliyefiwa. Wagdi sikumwandikia. Kila wiki nilisema nitamwandikia Ijumaa. Tafida alikuja akauliza, nikamwambia naumwa kichwa.

Jana ikaja hii barua yako fupi. Nilisoma "barua iliyoshonewa pamoja na pete" nikakimbilia kabatini, na magoti hayakusema kitu. Nilikata uzi kwa meno. Nimeisoma nimekaa sakafuni juu ya mashuka. Kwamba mtoto alifika stesheni akarudi kwa sababu yangu, hilo litaniuma muda mrefu.

Asubuhi hii nimekwenda kwa sonara Abdel-Mawla, na nimempitia Tafida makusudi nikamchukua. Sonara akaitazama akacheka, akauliza nani katika familia anafanya kazi ya meno. Nikamwambia, mkwe wangu. Nimelisema mbele ya Tafida na mbele ya duka zima. Akatufukuza sote tusimame upande unakotoka upepo kwa sababu moshi wa zebaki si wa kuvutwa, akaiweka pete juu ya makaa nje ya mlango. Ilitoka imefifia, kama kigae. Akaisugua. Taratibu ikaanza kurudi. Imekuwa nyembamba kidogo, na lile suke la nafaka halionekani vizuri, lakini ni dhahabu, Ratiba. Tafida ameishika, akaigeuza, akasema alijua tangu mwanzo kwamba kuna maelezo. Nimemwacha na uongo wake kwa kuwa ndiye atakayeutangaza ukweli mtaani kwa haraka kuliko mimi.

Sasa nikwambie kile nilichokukataza kuuliza. Ilikuwa usiku wa kuamkia Iddi, nakanda unga wa kahki, vile vibiskuti vya sikukuu. Unga ulikuwa unaingia chini ya pete, nikaivua nikaiweka kwenye kisahani. Mikono yangu ikiwa bado na siagi, wakaja watu wa reli kuniambia Bayumi amepondwa kati ya mabehewa Zagazig. Sikukanda kahki tena maisha yangu. Na pete sikuivua tena, mpaka siku niliyoivua ili nikuvike wewe, na hata hapo niliitelezesha kutoka kidole changu mpaka chako bila kuiachia katikati. Hukuona, ulikuwa unatabasamu kwa wageni.

Nimebeba jambo hilo muda wote huo kama hesabu niliyoikosea mimi. Nikakutwisha na wewe, bila hata kukwambia ni mzigo gani. Umefanya kila nilichotaka, umeishikilia pete mpaka ikaharibika kidoleni. Halafu ukaivua, ukaituma kwangu njia nzima kutoka Tanta na mtu wa mbegu, imekaa kabatini mwezi mzima haiko kwenye kidole cha mtu yeyote. Na Wagdi wangu huko Aswan, kati ya mitambo na baruti, anakula, analala, analalamikia joto. Leo asubuhi nimepata barua yake anaomba soksi.

Nimezitoa soksi zake, nikakaa nazo mkononi nikalia, binti yangu, kisha nikanawa uso nikawasha jiko.

Wagdi atakuja tarehe tano Julai, atapita Tanta kwanza, na pete atakuwa nayo mfukoni, maana namtumia pamoja na soksi. Atakuvika tena mkono wa kulia mbele ya baba yako. Kesho yake ukienda kazini, kabla hujagusa kinu, uivue. Iweke kwenye kisahani, popote, hata dirishani. Fanya kazi yako mpaka donge lilie sikioni mwako, nawa mikono, kisha uivae urudi nyumbani. Mimi ndiye ninayekwambia.

Nakuandikia mikono yangu ikiwa na unga. Nakanda kahki za harusi.

Mama yako,
Inaam