Askari Ndani ya Damu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ukurasa wa 41. Kitabu ninachofasiri kinaeleza namna mwili unavyopambana na ugonjwa, lugha nyepesi, wazazi na watoto wasome pamoja. Kiingereza kinasema chembe nyeupe za damu ni wanajeshi. Nikaandika "askari". Jioni nikamsomea Bibiche, jirani yangu hapa ugenini, Gulfton. Akaweka kijiko chini. Kasema hao aliwakimbia Uvira, sasa mimi nawaingiza kwenye damu ya mtoto wake?

Na mimi natoka Uvira — niliandikaje vile? Aibu tupu.

Jumatano, 5 Machi

Nimefuta. Nimeweka "mazamu", wale wanaokesha kulinda nyumba. Bwana Kariuki, mhariri wetu, kanipigia kutoka mji wa Katy akicheka. Kwao Kenya zamu si mtu, ni kupokezana — wasomaji watadhani chembe ziko kwenye shift! Na askari kwao ni mzee wa getini, anakufungulia na kukuuliza habari za nyumbani. Nikamwambia kwetu askari hafungui geti, anavunja mlango.

Bon, nikasema tuweke "walinzi", kila mtu ataelewa. Kasema ataona, mteja mwenye kitabu anataka ifanane na Kiingereza.

Ifanane! Nikamwuliza Bi Lin, anayefasiri kitabu hichohicho kwa Kichina. Kwao chembe hizo ni "mipira myeupe ya damu". Mipira! Wanajeshi yeye kawaacha humohumo, kwa wasomaji wake ni mchezo tu. Kisha akasema wasomaji wangu anawajua nani kama si mimi. Huyo mama ana akili.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetuma. Walinzi, mara kumi na tisa. Wakitaka wanifukuze.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika garini, nje ya maktaba, Sugar Land. Nakala za majaribio zimefika, thelathini. Wazazi watagawiwa saa nne. Nimefungua ukurasa wa 41: askari. Wamewarudisha wote! Na kwenye jalada, herufi kubwa, jina langu: mfasiri Généreuse — kana kwamba ni mimi niliyewaleta.

Nimebeba boksi zima hadi garini. Nakata "askari", naandika "walinzi" juu yake, kwa bic, nakala moja baada ya nyingine. Nimesimama kidogo niandike haya, maana kesho watayasimulia kivyao. Vidole vinauma. Hasira inauma zaidi.

Kariuki yuko dirishani. Kaniita Mama Élysée, kasema fungua, hii ni mali ya mteja, kazi kwao hutapata tena. Nimemjibu kupitia kioo: vitabu ni vyao, jina ni langu. Milango nimeifunga. Anagonga.

Bibiche ndiye huyo anaingia maktaba, kamshika mtoto mkono. Hakuniona. Zimebaki nakala kumi na moja.

Agonge tu.